Kabla ya Kununua Kompyuta, Jua Programu Inataka Nini

Kamati ya madrasa moja ya mtaani kwetu ilichangisha pesa za kompyuta kumi, ili watoto wajifunze na daftari za wanafunzi ziwekwe kwa mpango. Muuzaji aliwaambia zote ni "Core i5, mashine ya nguvu". Zilipofika, fundi alijaribu kuweka Windows 11, ikakataa. Pesa za sadaka ni amana, na hapa amana ilipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja: kazi yetu inataka mashine ya aina gani?

Wahenga walisema usikate kanzu mwana hajazaliwa. Basi anza na kazi, kisha programu, na mashine ije mwisho.

Hatua ya kwanza: andika kazi zenyewe

Usiseme "kazi za ofisi". Andika: kuchapa barua, kuweka hesabu za duka, kuhariri picha za harusi, kufungua intaneti. Andika pia ni watu wangapi watatumia na ni programu ngapi zitakuwa wazi kwa pamoja.

Hatua ya pili: soma masharti ya programu

Kila mtengenezaji huandika masharti ya mashine kwenye tovuti yake. Windows 11, kwa mfano, inataka prosesa ya biti 64 yenye kasi ya GHz 1 na angalau viini viwili, RAM GB 4, diski GB 64, na kitengo cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Prosesa pia iwe kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane.

Hapo ndipo madrasa ilipokwama. Jina "Core i5" halitoshi, tazama nambari inayofuata. i5-4570 ni kizazi cha nne, i5-8500 ni cha nane, na i5-10400 ni cha kumi. Wala kubaki na Windows 10 si suluhisho la kudumu, kwani Microsoft ilikomesha usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua ya tatu: tofautisha kiwango cha chini na kinachopendekezwa

Kiwango cha chini maana yake programu itafunguka. Haina maana utafanya kazi kwa raha. Photoshop ya siku hizi hutaja RAM GB 8 kuwa ya chini na GB 16 kuwa ndiyo inayopendekezwa. Mpiga picha wa harusi anayenunua ya GB 8 atakaa akingoja huku bibi harusi akipiga simu.

Hatua ya nne: piga hesabu

RAM hugawanywa. Windows huchukua sehemu yake, kivinjari chake, na programu ya hesabu yake. Kwa hiyo GB 4 zinazotosha kwenye karatasi huwa finyu mezani. Kwa ofisi ya kawaida, mimi hushauri GB 8.

Diski nayo hujaa polepole. Chukua madrasa yenye wanafunzi 400. Kila mmoja akiwa na hati tatu zilizopigwa skani, kila hati MB 2, hiyo ni MB 2,400, yaani kama GB 2.4. Ni kidogo. Lakini mpiga picha anayejaza GB 30 kwa kila harusi, harusi nane tu zitammalizia diski ya GB 240. Ukiweza, chukua diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka. Mashine huwaka na kufungua programu haraka zaidi.

Ikiwa kompyuta moja ndiyo itakayohudumia kaunta kadhaa za duka, pima kwa siku ya msongamano. Anayepika pilau ya harusi huhesabu wageni wa siku yenyewe. Mwenye duka naye ahesabu wateja wa kumi la mwisho la Ramadhani, si wa Jumanne tulivu.

Hatua ya tano: jaribu kabla ya kulipa

Dukani, omba mashine iwashwe. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafuta uone prosesa na RAM, kisha tpm.msc uone kama TPM ipo na ni toleo gani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua programu zako zote, na utazame RAM inavyotumika. Ikikaa karibu na kujaa, mashine hiyo haikufai.

Sisi wa Pwani tuongeze jambo moja. Joto hufanya prosesa ipunguze kasi ili isiungue, na hewa ya chumvi hula vyuma. Weka mashine penye hewa, mbali na dirisha la baharini, na kwa kompyuta ya mezani nunua UPS, maana stima ikikatika katikati ya kuandika, data huweza kuharibika.

Na wale wa madrasa? Hawakuzitupa. Waliwekewa Linux Mint, ambayo huridhika na RAM GB 2 na kupendekeza GB 4, pamoja na LibreOffice, zote za bure. Watoto wanachapa. Lakini lau wangeliuliza mapema, wangelichagua wenyewe badala ya kulazimika.