Nahodha na Jembe

Katika nchi ya Ntuzu, ambayo leo imo ndani ya Mkoa wa Simiyu wenye makao yake makuu Bariadi, mchezo na kazi havikupata kuwa maadui. Wasukuma hucheza bugobogobo na majembe mikononi, kwa kuwa ngoma hiyo ilizaliwa shambani, ambako vijana walilima kwa mdundo mmoja. Baada ya mavuno Bagika na Bagalu walishindana mbele ya watu, kila upande ukijitahidi kuuvuta umati. Mchezaji hodari alisifiwa uwanjani. Lakini mvua iliponyesha alitazamiwa kondeni pamoja na wenziwe. Kwa kipimo hicho napenda kumpima mchezaji mmoja wa mpira wa miguu, Leodegar Tenga.

Mwaka 1979 Taifa Stars iliishinda Zambia bao 1-0 Dar es Salaam, kisha ikatoka nayo sare ya 1-1 mjini Ndola kwa bao la Peter Tino. Hivyo Tanzania ikapata kwa mara ya kwanza nafasi katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Nigeria mwezi Machi 1980. Tenga, mlinzi, ndiye aliyekuwa nahodha. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Mkulima wa pamba alipata habari za mashujaa wake kwa redio, akawajua kwa majina bila ya kuziona nyuso zao.

Matokeo ya Nigeria hayakuwa matamu. Tulifungwa 3-1 na wenyeji, tukafungwa 2-1 na Misri, tukaambulia sare ya 1-1 na Ivory Coast. Miaka 39 ikapita kabla hatujarudi katika fainali hizo, mwaka 2019, nahodha akiwa Mbwana Samatta.

Wachezaji wengi huishi kwa kumbukumbu ya siku kama zile, wala si haki kuwalaumu, maana nguvu za miguu hazidumu. Tenga, ambaye kwa taaluma ni mhandisi, alishika jembe jingine. Mwezi Desemba 2004 alichaguliwa kuongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lililochukua nafasi ya FAT, chama kilichokuwa kimechoshwa na migogoro. Kazi ile haina shangwe. Hakuna umati unaompigia makofi mtu anayefuata katiba, anayetunza hesabu, au anayesikiliza rufani ya klabu iliyonuna.

Je, shamba lilizaa? Katika uongozi wake Tanzania ilicheza fainali za CHAN za mwaka 2009 na kuwafunga wenyeji, Ivory Coast, 1-0. Mwaka 2010 ilitwaa Kombe la Chalenji, na Twiga Stars ikashiriki fainali za wanawake za Afrika, Afrika Kusini. Hata hivyo mlango aliouingia yeye akiwa mchezaji haukufunguka tena katika muhula wake. Jambo hilo lazima lisemwe, kwa sababu sifa isiyotaja upungufu ni deni kwa msomaji.

Mwaka 2013 Tenga hakugombea tena, akamwachia mwingine kiti. Kwangu mimi tendo hilo lina uzito sawa na kombe. Katika vyama vyetu, vya michezo na visivyo vya michezo, kiti aghalabu humganda aliyekikalia, na wanachama huzoea kudhani kwamba chama ni mtu. Aliyetumikia kisha akaondoka kwa hiari amewafundisha wenziwe kwamba shamba ni la wote.

Vijana wanaocheza leo katika viwanja vya vumbi vya Bariadi humtamani zaidi Samatta, na wana haki. Lakini si wote watakaofika Ulaya. Wengi watabaki Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wakiwa waamuzi, walimu wa timu za shule na makatibu wa vyama vya wilaya. Huko ndiko mpira unakopona au kufa, na huko jembe linawangoja.