Pete Chini ya Mwembe

Tarehe 1 Septemba 2016, karibu saa sita mchana, Mwezi ulipita mbele ya Jua pale Rujewa, Mbeya, usilifunike lote. Ikabaki pete ya moto. Nilielekeza simu yangu juu, nikapata doa jeupe tu. Bibi, aliyekataa kutazama angani, akaniita: "Mjukuu wangu, hebu angalia chini."

Chini ya mwembe, kila upenyo wa majani ulikuwa umechora pete yake mchangani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alilieleza jambo hilo miaka 1000 hivi iliyopita: tundu dogo huleta sura ya Jua lililopatwa.

Nikapiga. Miguu ya Bibi imo, katikati ya pete. Sina picha yake nyingine.