Siku ya Kuwashukuru Wasaidizi wa Vituo vya Afya (Nakivale na Mbarara)

Siku ya kuwashukuru wasaidizi wa vituo vya afya ni siku inayotengwa kwa ajili ya watu wanaokiendesha kituo cha matibabu bila kuwa madaktari wala wauguzi: makarani, wakalimani, wahudumu wa kujitolea vijijini, wafagizi, askari wa getini na madereva wa ambulensi. Kwenye nchi ambazo kila mtaa una daktari wa familia, shukrani hizo huwaendea hasa makarani na wahudumu wa mapokezi. Marekani, kwa mfano, ina wiki ya makatibu muhtasi tangu 1952. Kalenda ya Uganda haina sikukuu ya watu hawa, ilhali kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, bila wao daktari angekaa na vifaa vyake asijue aanze na nani.

Nakivale ipo Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa la jina hilohilo, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya 100,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Mtu wa huko hana daktari wa familia. Huanzia kwa VHT (kwa Kiingereza, Village Health Team), yaani mhudumu wa Timu ya Afya ya Kijiji (kifupi hicho hata bibi asiyejua kusoma hukitamka bila shida). Kutoka hapo huenda kituo cha ngazi ya pili au ya tatu, kisha cha ngazi ya nne, chenye daktari na chumba cha upasuaji.

Kituoni mgonjwa hufika na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Hilo ndilo faili lake. Karani huandika tarehe, jina, umri na kijiji, kisha huyarudia yote kwenye rejista kubwa ya wagonjwa wa nje. Jina moja la Kikongo laweza kuandikwa kwa njia tatu: lilivyo kwenye karatasi za ukimbizi, linavyotamkwa na mwenyewe, na lilivyosikika kwa muuguzi Mnyankore. Karani akikosea, majibu ya maabara humfuata mtu mwingine, au mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI huonekana mgeni kila mwezi.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ya mkalimani. Tabibu huenda anajua Kinyankore, Kiganda na Kiingereza. Mbele yake amekaa mama anayesema Kibembe, au Msomali aliyefika juzi. Kiswahili huwaokoa wengi, si wote. Mkalimani asipokuwapo, mtoto wa mgonjwa ndiye huitwa kutafsiri, na hapo mama hunyamaza kuhusu damu, mimba au kubakwa. Hata mkalimani akiwapo bado ni jirani: kesho atakutana na mgonjwa yuleyule bombani akichota maji. Siri za kijiji kizima zimo kifuani mwake, na baadhi zinahusu vita alivyovikimbia yeye mwenyewe. Huyu si mtu aliyepewa shughuli kwa huruma. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi Uganda, basi na ahesabiwe mfanyakazi.

Mpango wa VHT ulianzishwa na serikali mwaka 2001, kwa kufuata njia iliyofunguliwa na Azimio la Alma-Ata la 1978. Mhudumu hupita nyumba kwa nyumba akiwa na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu, mtoto hupelekwa kituoni bila kungoja. Waliopewa mafunzo zaidi hupima malaria kwa tone la damu na kuwatibu watoto walio chini ya miaka 5: dawa mseto kwa malaria, amoksilini kwa nimonia, chumvi ya kurudisha maji mwilini na zinki kwa kuhara. Wanaitwa watu wa kujitolea. Mtu anayegongewa mlango saa nane usiku kwa sababu mtoto wa jirani ana degedege, kisha akalipwa fulana na posho ya semina, amejitolea kupita kiasi.

Wanaozidiwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi. Ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989. Huko msaidizi mkubwa hayumo kwenye orodha yoyote ya mishahara: ni ndugu anayemuuguza mgonjwa, kumpikia, kumfulia na kukimbia duka la dawa. Mkimbizi asiye na ndugu huingia wodini akiwa na upungufu ambao daktari hana dawa yake.

Wataalamu wana siku zao: wakunga 5 Mei, wauguzi 12 Mei, madaktari wa familia 19 Mei tangu 2010. Mkalimani anaweza kujibanza kwenye Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, 30 Septemba, iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017. VHT ana 5 Desemba, siku ya wanaojitolea. Karani, mfagizi na askari wamebakiwa na Mei Mosi, ambayo ni ya kila mtu.

Kila kituo cha serikali Uganda kina kamati yake ya usimamizi, na kamati hizo hazihitaji ruhusa ya mashirika ya kimataifa ya Geneva kuchagua tarehe. Zikichagua, zianze kwa kuhakikisha kwamba posho za wasaidizi zimelipwa kabla ya keki kukatwa.