Kompyuta ya Lori la Malindi

Wapo wanaodhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Mimi niliyelifundisha somo hilo katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini nasema kwamba historia hupita pia barabarani, imepakia kabichi. Kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikianza na habari za mizigo kabla sijaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mbele ya watu walioniamini.

Milima yetu ya Usambara ina rutuba, lakini soko liko chini. Hilo ndilo tatizo letu tangu kale. Wazee wetu walishusha mazao kichwani. Wajerumani walipoifikisha reli Mombo mwaka 1905, ikitokea Tanga, waliutamani msitu wa Shume, ulio jirani na sisi wa Malindi. Walitandaza kamba ya chuma kutoka huko juu hadi Mkumbara, mbao zikawa zinashuka zikining'inia angani. Baadaye barabara ya Mombo, Soni na Lushoto ndiyo iliyobeba kila kitu, na malori yakawa ndiyo miguu yetu.

Utotoni mwangu lori lilikuwa Bedford. Nilipoanza kazi ya ualimu, baada ya kutoka chuoni, tuliziona Scania zilizounganishwa katika kiwanda cha Kibaha, nasi tulijivuna. Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 malori mengi ya raia yalichukuliwa kwenda kubeba askari na mahitaji yao. Huku nyuma tulijifunza maana ya kukosa usafiri: viazi viliota machipukizi ghalani.

Malori ya siku hizo yalikuwa na adabu ya pekee. Injini ya dizeli iliwashwa kwa betri, lakini ikishawaka ilijiendesha kwa chuma kitupu. Pampu ya dizeli, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, iligawa mafuta kwa meno na springi zake. Betri ikifa, tuliliachia lori mteremkoni, na milima haikutunyima mteremko. Fundi alisikiliza mlio, akagusa bomba la kila nozeli kwa kidole, akajua ipi haisukumi. Ugonjwa ulionekana kwa macho na kusikika kwa masikio.

Mwaka 1984 Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, mlango ulifunguka, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakamiminika. Wakati huo huo ulimwengu wa injini ulikuwa unabadilika. Ulaya iliweka viwango vya moshi wa malori mwaka 1992, ikiviita Euro 1, na kila baada ya miaka michache ikavikaza. Chuma kitupu hakikuweza tena kutii. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani iliweka katika lori la Hino mfumo mpya: mafuta yanakaa katika bomba moja kwa msukumo mkubwa mno, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Kompyuta hiyo, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi, hupokea habari kutoka kwa sensa: joto la maji, msukumo wa mafuta, mwendo wa injini, mguu wa dereva. Ikidanganywa, huamua vibaya. Ikifa, lori zima ni mzoga.

Mzoga wa namna hiyo tuliupata mwezi Julai mwaka 2019. Kikundi chetu kilikuwa kimenunua lori la mtumba kwa michango ya misimu mitatu. Siku hiyo lilikuwa limejaa kabichi, karoti na pilipili hoho za kwenda Dar es Salaam. Kwa wiki nzima lilikuwa linapoteza nguvu kwenye mashimo, kisha linarudia hali yake. Sasa lilizima kabisa, taa ya injini ikiwaka.

Tulimwita fundi umeme, kijana niliyemfundisha darasa la nne. Alipima, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Kontrol boksi imekufa. Lakini naomba siku mbili nitafute kilichoiua." Siku mbili! Hoho zilikuwa zinanyauka, na wanakikundi walinitazama mimi. Nikamjibu kwa sauti ile ya darasani: "Kijana, kama imekufa, tununue nyingine. Hapa hatufanyi utafiti." Yeye alinyamaza. Mwanafunzi habishani na mwalimu wake, hata akiwa na mvi.

Kontrol boksi iliyotumika ililetwa kutoka Dar es Salaam, yenye namba zilezile. Kijana aliifunga, akaunganisha kompyuta yake ndogo, akaingiza namba zilizochongwa kwenye kila nozeli, kwa maana nozeli hazifanani kabisa na kontrol boksi lazima ijulishwe tabia ya kila moja. Lori likawaka. Watu wakapiga makofi, nami nikayapokea. Halikufika Magamba. Kwenye shimo moja lilitikisika, likazima. Kontrol boksi ya pili nayo ilikuwa imeungua. Mzigo ulioza, na fedha za msimu zikaenda nao.

Safari hii nilikaa juu ya jiwe nikanyamaza, kijana akafanya alichotaka kufanya tangu mwanzo. Aliichomoa plagi ya kontrol boksi. Akanieleza kwamba waya wa sensa hupelekewa volti 5 na kontrol boksi yenyewe. Basi ikichomolewa, waya ule haupaswi kuwa na umeme wowote. Akaweka kipimo: sifuri. Akamwambia utingo ashike fungu la nyaya nyuma ya injini alitikise. Namba zikaruka: volti 24, umeme mzima wa betri. Walifuata fungu lile kwa mkono mpaka kwenye kipande cha chuma lilipokuwa linasuguana. Ganda la nyaya mbili lilikuwa limelika, na kila shimo la barabara lilizigusanisha. Kasoro yenyewe haikuzidi urefu wa ukucha.

Kijana alifunika nyaya, akazifunga mbali na chuma kile, akapima tena huku utingo akitikisa. Sifuri. Hapo ndipo tulipotafuta kontrol boksi ya tatu, safari hii kwa deni, ambalo nusu yake nililipa kwa pensheni yangu. Mkutanoni nilisema wazi kwamba fundi alikuwa sahihi nami ndiye niliyemzuia. Mzee mmoja alicheka akasema, "Mwalimu leo kapata sifuri." Nilistahili.

Lakini si kabichi zinazonikosesha usingizi. Katika miaka ya 1980 nilikuwa na mwanafunzi aliyenakili ubaoni makosa matupu. Nilimwita mvivu, nikamchapa, nikamhamishia dawati la nyuma asiwavurugie wenzake. Mwishoni mwa mwaka mganga wa zahanati alipita kupima watoto, akaniambia mtoto huyu haoni mbali. Nilikuwa nimemsogeza mbali zaidi na ubao. Hakurudi shuleni muhula uliofuata, wala sikumfuata nyumbani kwao.

Kitu kinachoharibika mbele ya macho yetu mara nyingi ndicho kilichoumizwa, si kilichoumiza. Nilifundisha vyanzo na matokeo ya kila vita katika muhtasari, nikaandika vyote ubaoni kwa chaki. Lori lile bado linashuka Mombo na mizigo yetu. Kila likipita nyumbani kwangu kijana hupiga honi, nami hunyanyua mkono.