Safu ya lugha: Kusubu

Mtoto achungaye ng'ombe huko Bahi huchota udongo wa mbuga, akatoa dume lenye nundu na pembe. Hapo amefinyanga. Akitaka madume kumi yanayofanana atahitaji kitenzi kingine: kusubu, yaani kumimina kitu kilichoyeyuka ndani ya kalibu kigande. Kusubu na kalibu vyote asili yake ni Kiarabu, vyote vimo kamusini, ila mafundi wengi husema tu "kumwaga", kama zege. Hasara hiyo! Sanamu ya Askari iliyosimama Dar es Salaam tangu 1927 haikumwagwa. Ni kazi ya kusubu shaba.

Anayeanza asikimbilie shaba. Aanze na jasi, ambayo huchimbwa hukuhuku kwetu, Itigi, na kuishia viwanda vya saruji. Ikiokwa kwenye nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa plasta.

Laza dume la udongo ubavu, lifukie nusu kwenye udongo laini, mimina plasta. Ikiganda, geuza, paka sabuni pembezoni ili nusu mbili zisishikane, kisha mimina upande wa pili. Miguu ya kulia na kushoto usiiachanishe: plasta ikiingia katikati, hutoi kitu bila kuvunja. Sasa toa udongo, loweka kalibu majini, funga kwa kamba, na usubu nta ya mishumaa. Bila kuloweka, nta hung'ang'ania kutani.