Ushauri wa wanandoa: si kesi, ni kujifunza kuzungumza

Wengi wetu tukisikia "ushauri wa ndoa" tunafikiria kikao cha wazee: mke anasema lake, mume anajibu, mkosaji anatajwa. Ushauri nasaha wa wanandoa ni kitu kingine. Mshauri hatafuti nani ana makosa. Anatafuta mahali mazungumzo yenu yanapokatikia.

Hufanyika nini?

Kwa kawaida wenzi hukutana na mshauri kwa saa moja hivi, mara kadhaa. Hufundishwa kuzungumza kwa zamu: mmoja anasema, mwenzake anasikiliza bila kumkatiza, kisha anarudia alichosikia kabla ya kujibu.

Chukulia mke anayemwambia mumewe, "Wewe kila msimu unakula hela ya mazao." Hilo ni shtaka, na shtaka hujibiwa kwa shtaka. Mshauri atamsaidia aseme, "Mahindi yalipouzwa bila mimi kujua bei, niliumia." Hapo mume ana la kujibu.

John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, alitaja tabia nne zinazobomoa ndoa: kumshambulia mwenzako utu wake, dharau, kujitetea kila mara, na kumnyamazia. Alisema dharau ndiyo mbaya kuliko zote.

Na chumbani?

Ugomvi wa mchana hulala nanyi usiku. Mshauri huwasaidia wenzi kusema bila aibu wanachopenda na wasichopenda, na kuanza upya na mambo madogo, kama kushikana mikono au kukaa pamoja bila simu.

Lakini si kila tatizo la chumbani ni la mapenzi kupungua. Kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa huweza kupunguza nguvu za kiume. Maumivu ya mwanamke wakati wa tendo pia yanaweza kutokana na ugonjwa unaotibika. Pitieni kituo cha afya.

Msaada upo wapi?

Hapa Tanzania, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, au kiongozi wa dini mnayemwamini kutunza siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache. Wengi husubiri mpaka hapo, wakati mioyo imeshachoka. Nendeni mapema, mkiwa bado mnasalimiana.

Penye kipigo

Kama kuna kipigo au vitisho, msianze na kikao cha pamoja. Anayepigwa anaweza kuadhibiwa nyumbani kwa aliyoyasema mbele ya mshauri. Usalama wake ndio wa kwanza: aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, akiwa peke yake.