SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA KISOMO: Macho ya Watoto, na Mambo Yaliyojulikana Kongwa

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: tongotongo, ukope, kovu, marhamu. Tutayatumia yote.

Somo la leo ni la historia, nayo ni historia ya uso wa mtoto na kata ya maji.

Katika maradhi ya macho ya kuambukiza, uliopofusha watu wengi zaidi duniani ni ugonjwa wa vikope, ambao madaktari huuita trakoma. Ni ugonjwa wa kale. Wamisri waliandika habari za macho ya namna hii yapata miaka 3,500 iliyopita. Hata hivyo, kijidudu chake kilikuzwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1950 tu, ndani ya mayai ya kuku, na Daktari Tang Feifan wa Uchina pamoja na wenzake. Habari hiyo ilijulikana duniani mwaka 1957.

Sikilizeni jinsi ugonjwa unavyokwenda. Mtoto huambukizwa angali mdogo. Macho huwa mekundu, hutoa tongotongo, na ndani ya ukope wa juu huota vipele vidogo. Akiambukizwa tena na tena kwa miaka mingi, ukope hufanya kovu. Kovu huukunja ukope kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho kioo huwa cheupe, naye haoni tena. Basi ugonjwa ulioanza utotoni huleta upofu ukubwani. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto, huwabeba na kuwafuta nyuso kwa khanga.

Sasa twende Kongwa, katika mkoa wa Dodoma. Wazee huikumbuka kwa ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Ni nchi kavu, yenye mifugo na nzi wengi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Marekani, akiwemo Daktari Sheila West, walipima macho ya watoto vijijini. Katika vijiji vingi zaidi ya nusu ya watoto wadogo walikuwa na vikope.

Maji yalikuwa mbali. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema kwamba nyuso haziogi kwa sababu maji hayapo. Lakini watafiti walipouliza nyumba kwa nyumba waligundua jambo jingine. Maji yaliyofika nyumbani yaligawanywa kwa kupika, kunywa na kazi nyingine, na uso wa mtoto ukawekwa mwisho. Tena wengi waliamini kwamba kuosha uso kunataka maji mengi. Walipojaribu wenyewe, waliona kwamba maji kidogo yanatosha nyuso za watoto wengi.

Kisha likafanywa jaribio katika vijiji sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Watoto wa vijiji vyote sita walitiwa marhamu ya tetrasaikilini kwa siku 30. Vijiji vitatu viliongezewa jambo moja: mikutano, maigizo na mazungumzo juu ya kuosha nyuso, nao wanaume, wanawake na waalimu walishiriki. Baada ya mwaka mmoja, nyuso safi zilikuwa nyingi zaidi katika vijiji hivyo vitatu, na vikope vikali vilikuwa vichache. Tujifunze hapa: dawa huua vijidudu vya leo, lakini uso mchafu hukaribisha vya kesho.

Mwaka 1998 nchi za dunia ziliazimia kuuondoa upofu huu kwa mambo manne: upasuaji wa kope zilizojikunja, dawa, uso safi, na maji pamoja na vyoo. Ghana ilithibitishwa kushinda mwaka 2018, na jirani zetu Malawi mwaka 2022.

Je, sisi wa Chamazi? Vikope ni zaidi vya nchi kavu. Huku kwetu tunajua macho mekundu, yaliyoenea Dar es Salaam mwezi wa Januari 2024. Hayo huletwa na virusi. Mara nyingi hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili, lakini huambukiza upesi kwa mikono, taulo na mito.

Mtoto akiamka macho yameshikana kwa tongotongo, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Futa kila jicho kwa kitambaa safi chake na maji safi. Nawa tena. Asitumie taulo na wenzake. Usimtie dawa aliyopewa jirani.

Wala usimtie mate, mkojo, maziwa wala maji ya majani. Madaktari wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, walieleza mwaka 1987 jinsi watoto walivyopata vidonda vya jicho kwa surua, kwa upungufu wa vitamini A, na kwa dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Kwa hiyo chanjo ya surua, mboga za majani na papai ni kinga ya macho pia.

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa jicho linauma sana, haoni vizuri, hawezi kutazama mwanga, au kioo kina doa jeupe. Na mtoto mchanga anayetoa usaha machoni asingojee hata usiku upite.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini wanawake hupatwa na vikope zaidi kuliko wanaume?
2. Vijiji vitatu vya Kongwa viliongezewa nini?
3. Nyumbani kwako, maji yanayofika asubuhi hugawanywaje? Uso wa mtoto ni wa ngapi?

Zungumzeni swali la tatu kwa kirefu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.